Kunakili muundo wa hifadhidata ya PostgreSQL bila data

Ukihitaji majedwali, faharasa na vizuizi vya hifadhidata bila taarifa za wateja, usihangaike kuandika CREATE TABLE kwa mkono. Iachie pg_dump, programu ya PostgreSQL ya kunakili hifadhidata kwenye faili:

`pg_dump -s -O -x duka > muundo.sql`

Hapo duka ni jina la hifadhidata, na -s inachukua muundo peke yake. -O inaacha majina ya wamiliki na -x inaacha ruhusa. Ukizisahau hizo mbili, seva mpya italalamika kwamba mtumiaji fulani hayupo, maana pg_dump haibebi watumiaji. Ukiwataka, wana amri yao: `pg_dumpall --roles-only`.

Kwenye seva mpya, tengeneza hifadhidata tupu (template0 ni kiolezo kisicho na nyongeza), kisha pakia muundo kwa psql, programu ya kuendesha amri za SQL:

`createdb -T template0 duka_jaribio`
`psql -1 -v ON_ERROR_STOP=1 -d duka_jaribio -f muundo.sql`

Usione uvivu kuandika -1 na ON_ERROR_STOP. Bila hizo, psql ikikuta kosa inatupa mstari mmoja wa malalamiko, inasonga mbele kama kawaida, na wewe unabaki na hifadhidata pungufu ukidhani kazi imeisha. Ukiziweka, kosa lolote linarudisha kila kitu nyuma.

Kuna mtego mwingine: namba zinazojiongeza zenyewe huanza upya, kwa kawaida kwenye 1. Ukipakia data baadaye kwa amri ya COPY, zisogeze mbele kwa kitendakazi cha setval, la sivyo rekodi mpya ya kwanza itagongana na id iliyopo.

Na pg_dump yako isiwe ya toleo kuu la nyuma kuliko seva. Itagoma kabisa.