Vifaranga wa Samaki Malaika Wanakufa kwa Njaa: Andaa Artemia Kabla Hawajaanza Kuogelea

Malalamiko ya wafugaji wa samaki malaika, wale samaki wa mapambo wa tangini, yanafanana mno. Jozi imetaga vizuri, mayai mia kadhaa. Yameanguliwa. Vifaranga wameonekana wakitikisa mikia kwenye bamba, kila mtu nyumbani ameitwa kuwaona, na kabla wiki mbili hazijaisha tangi ni tupu. Mfugaji anaamua kwamba ni ugonjwa, anatafuta dawa. Jozi inataga tena, dawa inatiwa mapema zaidi, na vifaranga wanakufa katika siku zile zile za mara ya kwanza.

Vifo vinavyorudi siku zile zile kila uzao, mara nyingi siyo ugonjwa. Ni njaa. Vifaranga wameanza kuogelea, na chakula kinachoingia mdomoni mwao hakikuwapo siku hiyo, wala kesho yake. Kilipopatikana, walikuwa wamekwisha kudhoofika. Kosa hili ndilo linalonifanya niandike, kwa hiyo sitagusa namna ya kupata jozi, kutambua dume na jike, wala mahali pa kuegesha bamba la kutagia. Mfugaji ambaye samaki wake wanataga ameshayavuka hayo.

Anza kwa kuhesabu siku, na uhesabu kwa kuandika. Katika maji ya nyuzi 27 hadi 28, mayai huanguliwa baada ya saa 60 hivi, yaani siku ya tatu. Kinachotoka bado siyo kiumbe cha kulishwa: ni mkia, macho yanayoanza kuonekana, na kifuko cha kiini kilichotuna tumboni. Kimejibandika kwenye bamba kwa utando unaonata kutoka kichwani, na kinatikisika pale pale. Hukaa hivyo siku nne au tano, kikiishi kwa kiini chake. Siku ya 7 au ya 8 tangu kutaga, kifuko kikiwa kimekaribia kuisha, vifaranga huachia na kuanza kuogelea kwa mlalo. Maji yakiwa ya baridi kidogo, siku zinasogea mbele. Yakiwa ya moto zaidi, zinarudi nyuma.

Sasa tazama wafugaji wanavyokosea pande zote mbili. Wapo wanaolisha siku ya tatu au ya nne kwa sababu "wametoka kwenye yai". Acha kabisa! Kifaranga aliyejibandika hali chochote. Chakula unachomwaga kinaoza chini, amonia, yaani sumu inayotokana na uozo huo, inapanda, na unawaua hata kabla ya siku yao ya kwanza ya kula. Wapo pia, na hawa ndio wengi, wanaosubiri mpaka wawaone wakiogelea ndipo waulize wawape nini. Siku hiyo umechelewa, kwa sababu chakula chao sahihi kinachukua saa 24 kutayarishwa, na mayai makavu ya chakula hicho huenda hata hujayanunua.

Chakula chenyewe ni artemia walioanguliwa muda huo, wale kamba wadogo wa maji ya chumvi ambao mayai yao huuzwa yakiwa makavu kwenye makopo. Artemia mchanga ana urefu wa nusu milimita hivi, na kifaranga wa samaki malaika anammeza tangu siku ya kwanza ya kuogelea. Kwa hiyo huna haja ya kuhangaika na vijidudu vya maji yaliyochacha kama wanavyofanya wafugaji wa samaki wenye vifaranga wadogo zaidi. Artemia anacheza majini, na kifaranga anashambulia kinachocheza. Unga wa chakula cha wakubwa hauchezi. Unazama, kifaranga anaupita. Kiini cha yai la kuku lililochemshwa ndicho kibaya kuliko vyote kwa mtu asiye na uzoefu: kinatia maji ukungu mweupe kwa dakika chache, na kwa saa chache tangi linanuka. Wapo vifaranga watakaopona kwa chakula cha namna hiyo, lakini ni wachache, tena dhaifu.

Ratiba ninayoitaka ni hii. Siku mayai yanapotagwa, siku hiyo hiyo, chukua chembe kidogo ya mayai makavu ya artemia uyajaribu kwenye gilasi ya maji ya chumvi. Jaribio hili halikugharimu kitu, na ndilo linalookoa uzao mzima. Mayai ya artemia huvuta unyevu, na kopo lililofunguliwa likakaa muda mrefu bila kufungwa vizuri linaweza kukuangulia robo tu, au lisikuangulie kabisa. Ikipita saa 36 na huoni vidoa vya rangi ya chungwa vikiruka ndani ya gilasi, tupa kopo hilo. Bado una siku tano za kutafuta jingine. Anayegundua siku ya 8 kwamba mayai yake ni mfu hana siku hata moja.

Kisha, jioni ya siku ya 6, anzisha chupa ya kwanza. Usisubiri uone dalili. Ikiwa vifaranga watachelewa kuogelea kwa siku moja, umepoteza nusu kijiko cha mayai ya artemia, hasara ndogo sana ukilinganisha na kupoteza kizazi.

Vipimo vya chupa hiyo navitaka kama vilivyo, siyo kwa kukadiria. Chukua chupa ya plastiki ya lita 2, ikate kitako, igeuze mdomo chini ukiwa umefunga kifuniko chake imara. Tia lita 1 ya maji na gramu 25 hadi 30 za chumvi. Pima kwa mizani. Kijiko cha mtu na mtu hakilingani, na kijiko cha chumvi ya mawe hakina uzito wa kijiko cha chumvi laini. Ongeza soda kidogo ya kuokea, kiasi cha kubanwa kwa ncha za vidole viwili, kwa sababu artemia huanguliwa vizuri maji yakiwa na pH (kipimo cha uchachu wa maji) ya 8 na zaidi. Mayai makavu, nusu kijiko cha chai, yasizidi. Wengi hujaza kijiko kizima wakidhani watapata mara mbili, na hupata uchafu mara mbili, kwa kuwa mayai yaliyosongamana hukosa hewa.

Mpira wa hewa ufike chini kabisa kwenye shingo ya chupa, bila jiwe la hewa. Jiwe hutoa mapovu madogo yanayopandisha mayai juu na kuyabandika ukutani, yakakauka pale. Unataka mapovu makubwa, yenye nguvu, yanayokoroga maji yote bila kupumzika usiku wala mchana. Joto liwe nyuzi 26 hadi 28, na taa iwake karibu na chupa, hasa saa za mwanzo. Hapo artemia watatoka kati ya saa 18 na 24. Chupa ikiwa kwenye chumba cha nyuzi 22, unaweza kungoja hadi saa 36 au zaidi, na hapo ndipo ratiba nzima inapovurugika. Kama chumba chako kina baridi, simamisha chupa ndani ya ndoo ya maji yenye hita.

Kuvuna nako kuna kosa lake. Zima hewa, funika sehemu ya juu ya chupa kwa kitambaa cheusi, mulika chini kwa taa. Subiri dakika 10. Maganda matupu yataelea, artemia watashuka kuufuata mwanga. Usiende kufanya kazi nyingine ukawasahau, maana wakisongamana chini bila hewa wanakufa. Legeza kifuniko, mwaga tone la kwanza lenye mayai yasiyoanguliwa, kisha kinga maji ya rangi ya chungwa kwenye kitambaa chenye nyuzi zilizobana. Ukiona maganda ya kahawia yanaanza kushuka, funga. Maganda hayasagiki tumboni, na kifaranga akiyameza yanaweza kumziba. Suuza artemia kwa maji safi yasiyo na chumvi wala klorini, ndipo uwapeleke tangini.

Muda wa tangu artemia kuanguliwa nao unahesabiwa. Artemia aliyetoka sasa hivi amebeba kiini chake, na kiini hicho ndicho lishe unayoitafuta. Hali chochote kwanza, anaishi kwa akiba hiyo. Katika maji ya nyuzi 28, baada ya saa 8 hivi anajivua gamba, anakuwa mrefu zaidi, anakimbia zaidi, na mafuta yake yanaendelea kupungua. Mfugaji anayeangua chupa moja na kuilisha kwa siku tatu analisha artemia waliokwisha. Endesha chupa mbili, moja ianze asubuhi na nyingine jioni. Huwezi? Basi vuna zote mara moja, uwaweke artemia ndani ya maji yale ya chumvi kwenye chombo kipana chenye kina kifupi, ndani ya friji. Baridi ya nyuzi 4 inawapunguza kasi na kuhifadhi lishe yao hadi siku moja. Siyo zaidi ya hapo.

Lisha mara 4 kwa siku, kidogo kidogo, kwa bomba la sindano lisilo na sindano, ukiwatolea artemia karibu na kundi. Siku tatu za kwanza tangi liwe dogo na kina cha maji kisizidi sentimita 15 au 20. Wafugaji hupenda kuwaonea huruma vifaranga na kuwapa tangi kubwa tangu mwanzo, na chakula kinatawanyika mahali ambapo kifaranga hana nguvu ya kukifuata. Usiku wacha taa hafifu iwake. Artemia waliobaki hufa baada ya saa chache kwa kuwa maji hayana chumvi, kwa hiyo usingoje kesho kuwatoa.

Kuwatoa kunafanywa kwa mpira mwembamba, ule ule wa hewa, ukinyonya kutoka chini taratibu na kuelekeza maji kwenye beseni jeupe. Beseni liwe jeupe kwa sababu. Utaona kifaranga aliyenyonywa kama uzi wenye macho mawili meusi, na utamrudisha kwa kijiko. Ndoo nyeusi imemwaga wengi. Badilisha robo hadi nusu ya maji kila siku, na maji mapya yasipishane na ya tangi kwa zaidi ya nyuzi 1. Pima kwa kipimajoto. Mkono haupimi nyuzi moja.

Wanaoangulia mayai mbali na wazazi kwa methilini bluu, dawa ya buluu inayozuia mayai kuota ukungu, wakumbuke jambo moja ambalo wengi hulisahau: dawa hiyo inadhuru bakteria wa chujio, wale wanaoondoa amonia majini. Maji yote ya buluu yawe yamekwisha kutolewa hatua kwa hatua kabla ya siku ya kuogelea, ndipo uingize chujio la sponji lililokwisha kukomaa kwenye tangi jingine. Sponji mpya kutoka dukani haina bakteria hao, ni pambo tu kwa wiki kadhaa za mwanzo.

Matumbo ya rangi ya chungwa, yaliyojaa, dakika chache baada ya kulisha: wamekula.

Ikiwa baada ya siku mbili za kuogelea unaona matumbo yamebonyea na vifaranga wamelala chini, usitie dawa yoyote. Angalia kwanza artemia wako wanaishi na ni wa saa ngapi, kisha pima amonia.

Kuanzia wiki ya tatu au ya nne, mwili ukiwa umeanza kupata umbo la mkubwa na mapezi kurefuka, anza kuwazoesha chakula cha unga laini. Wape unga asubuhi wakiwa na njaa, artemia baadaye. Endelea na vyote viwili kwa siku kadhaa, ukipunguza artemia polepole, na usikate ghafla hata kama umechoka na chupa. Wakati huo huo wahamishe kwenye tangi kubwa zaidi, maana sasa wanaweza kukifuata chakula na wanachafua maji haraka. Na kama jozi imetaga tena kabla hao hawajahama, jambo la kawaida iwapo uliondoa mayai, siku hiyo hiyo weka chembe nyingine kwenye gilasi ya majaribio.