Unyevu wa Vumbi la Mbao Haupimwi kwa Kiganja

Kila ninapoitwa kuangalia mashine ya peleti (vijiti vidogo vya kuni vya vumbi la mbao lililogandamizwa) "iliyoharibika", naanza kwa kuchimba lundo la vumbi la mbao hadi kiwiko. Juu kavu, ndani bichi na vuguvugu. Mashine mara nyingi ni nzima.

Vumbi la gogo bichi lina maji karibu nusu ya uzito wake. Mashine inataka unyevu wa asilimia 10 hadi 15, lenga 12. Ukizidi, mvuke hupasua peleti zikitoka, na hizo zilizopona huota ukungu guniani. Ukishuka chini ya 8, vumbi hukwama kwenye matundu ya mashine yanayotoa peleti na kuungua, nawe utashinda ukizibua tundu moja moja.

Halafu naambiwa, "Nilifinya kiganjani, halikushikana, basi ni kavu." Jamani! Hata vumbi la asilimia 20 linaweza lisishikane. Chota sehemu tatu, juu, katikati na chini ya lundo, changanya, kisha pima gramu 100. Tandaza liwe jembamba kwenye sinia, weka ndani ya oveni ya nyuzi 105 za sentigredi. Pima kila baada ya saa moja mpaka uzito usishuke tena. Zikibaki gramu 88, unyevu ni asilimia 12. Zikibaki 70, ni asilimia 30: rudisha lundo kwenye turubai. Usiongeze moto ili uwahi. Vumbi likibadilika rangi, umechoma kuni yenyewe na hesabu imeharibika.

Anayenunua kwa kilo asikilize zaidi. Kilo 100 zenye unyevu wa asilimia 50, zikikaushwa hadi 12, hubaki kama kilo 57. Zile 43 ulilipia maji.

Msonobari hushikana kwa urahisi. Mbao ngumu zinadai mgandamizo mkubwa zaidi, kwa hiyo changanya. Magome yapunguze, yanaongeza majivu na hubeba mchanga unaokula sahani ya matundu. Mbao zenye rangi, gundi au dawa ya mchwa usiziguse kabisa, moshi wake ni sumu. Kwa peleti za milimita 6, chembe zisizidi milimita 5.

Peleti nzuri inang'aa, ni ngumu, na ukiitupa kwenye maji inazama.

Na lundo lililokwisha kupimwa lifunikwe usiku huohuo. Umande haujui kwamba jana ulipata 12.