Parachichi Likichanua, Weka Bomba Chini Hadi Jioni

Ukipita Machame, Siha au upande wa Poli na Usa River msimu wa maua, mnamo saa tatu asubuhi utakuta jambo lilelile shamba hadi shamba: kijana ana bomba la lita 16 mgongoni, anapulizia mparachichi uliochanua mti mzima. Ukimuuliza, anajibu kwamba asubuhi upepo umetulia, dawa haipotei. Kuhusu upepo hajakosea. Lakini saa hiyo ndiyo ua la Hass, aina ya parachichi inayolimwa kwa soko, linafunguka likiwa jike, na nyuki ndiyo kwanza wanaingia kazini. Dawa inawaua au inawafukuza, na maji ya bomba yanalowesha ua lililokuwa likisubiri chavua. Miezi michache baadaye mkulima analalamika kwamba miche aliyouziwa ni mibovu.

Kosa hili lina mzizi wake. Wengi wanaamini upepo utafanya kazi ya nyuki, kwa kuwa wameyaona mahindi yakichavushwa na upepo, tena wameona misindano ya West Kilimanjaro na ya mashamba ya miti ya Meru. Siku kavu yenye upepo, misindano hutoa vumbi la njano linalotua hadi kwenye mabati ya nyumba. Punje ya chavua ya msindano ni nyepesi na ina vifuko viwili vya hewa, kwa hiyo hupeperuka mbali. Mvua ikinyesha, yote hushuka chini. Parachichi haliko hivyo. Chavua yake ni nzito na inanata. Isipobebwa na mdudu, iwe nyuki wa asali, nyuki wadogo wasiouma au nzi wa maua, haifiki popote pa maana.

Sasa tuje kwenye saa, kwa sababu hapa ndipo mnapopoteza fedha. Ua la Hass hufunguka mara mbili. Siku ya kwanza hufunguka asubuhi, kuanzia saa tatu au saa nne hadi karibu adhuhuri, likiwa jike. Linafunga. Siku ya pili linafunguka tena mchana, saa saba au saa nane, safari hii likiwa dume lenye chavua, na linaendelea hadi magharibi. Fuerte, aina nyingine ya parachichi, ni kinyume chake: jike mchana, dume asubuhi ya siku inayofuata. Ndiyo maana tunasema kila miti minane ya Hass ipate Fuerte mmoja. Aliyekata Fuerte zote eti mnunuzi anataka Hass tu, ameondoa shambani dume la asubuhi, na sina njia laini ya kumwambia.

Lakini ratiba hiyo ni ya siku za joto, mchana ukiwa kwenye nyuzi 25 hivi na usiku usiwe wa baridi kali. Vihamba vya juu, yaani mashamba ya nyumbani ya mlimani, havipati hali hiyo Juni hadi Agosti. Mchana ukibaki chini ya nyuzi 20 na usiku ukashuka hadi 10, ua la Hass linachelewa. Jike linaweza kufunguka alasiri badala ya asubuhi, na dume likasogea hadi usiku au asubuhi ya pili yake. Fuerte huumizwa na baridi kuliko Hass: maua yake mengi hufunguka upande wa dume tu, hayawi jike kabisa. Nyuki nao chini ya nyuzi 13 karibu hawatoki mzingani. Kwa hiyo siku ya ukungu mnaweza kupata saa mbili tatu tu za uchavushaji wa kweli, jua likipenya mchana. Wewe ukizitumia saa hizo kupiga dawa, unabaki na nini?

Unyevu wa hewa nao una neno. Ua moja la parachichi lina stameni tisa, yaani viungo vya kiume, na kichwa cha kila stameni kina vidirisha vinne vinavyoachia chavua. Vidirisha hivyo havifunguki vizuri mpaka vikauke. Manyunyu yakidondoka adhuhuri, chavua inachelewa hadi hewa ikauke. Na ukipulizia maji saa nane umeleta manyunyu yako mwenyewe. Hili linahusu busta pia, yaani mbolea ya kupulizia majani. Najua mmezoea kusema busta si sumu. Maji ni maji, ua halisomi chupa. Kwa wenzetu wa tambarare za chini tatizo ni kinyume: upepo mkavu wa mchana hukausha ncha ya jike kabla chavua haijafika. Mwagilieni udongo usikauke wakati wa maua, ila maji yapite kwenye mfereji au mpira chini ya mti, yasirushwe juu ya maua.

Basi fanyeni hivi. Kazi ya dawa imalizike kabla maua hayajafunguka. Maua yakishafunguka, msipige “kwa tahadhari” tu kabla ya kumwona mdudu. Chukua karatasi nyeupe, tembelea miti 10, kung'uta mashada 5 kila mti, uone kama thripsi, wadudu wadogo sana wanaoshambulia maua, wapo kweli au ni hofu tu. Ikilazimu kupiga, iwe dawa iliyosajiliwa na TPHPA, mamlaka ya afya ya mimea na viuatilifu, na usome kibandiko: kikisema ni hatari kwa nyuki, rudisha dukani. Anza saa 12:30 jioni, jua likizama na nyuki wamerudi. Narudia, saa 12:30. Si saa kumi kwa sababu kibarua anataka kuwahi nyumbani. Saa kumi ya siku ya joto dume la Hass liko wazi na nyuki wamejaa. Mnunulie tochi ya kichwani, mpe glavu na barakoa, umlipe saa zake. Jioni hiyo kukiwa na upepo wa kutikisa matawi, ahirisha hadi kesho.

Siku za baridi usiiamini saa, liangalie ua lenyewe. Stameni zikiwa zimelala kwenye petali na ncha ya katikati imesimama peke yake nyeupe, hilo ni jike. Stameni za kati zikiwa zimesimama na ukigusisha kitambaa cheusi kinabaki na punje za njano, hilo ni dume linalotoa chavua. Katika hali zote mbili bomba libaki stoo.

Mizinga iwe 2 hadi 3 kwa ekari, iingizwe maua yakishafunguka kama asilimia 10. Ukiwaleta mapema watazoea maua mengine ya jirani na kuwarudisha ni kazi. Ikae mahali panapopata jua la asubuhi, nyuki wapate joto mapema.

Vitunda vya ukubwa wa njegere vikishika wiki chache baadaye, mambo yamekwenda sawa, hata kama vingi vitadondoka vyenyewe.

Vihamba vyetu vimeshikana na nyuki hawajui mpaka. Huenda hata kilomita tatu kutafuta chakula. Ukipanga kupiga dawa, mwambie mwenye mizinga na majirani wote wenye maua siku mbili kabla, na nao wakuambie zamu yao ikifika.