Jinsi ya kujua kisu cha jadi cha Indonesia kimetoka kisiwa gani

Kabla ya yote weka msasa na siki mbali. Najua kutu inakera, ila ile michirizi myeupe kwenye bapa, wenyewe wanaiita pamor, ndo ushahidi wako, ukiisugua basi umeifuta. Na vaa glavu, maana keris nyingi (majambia ya jadi ya kule) huoshwa kwa warangan, dawa yenye arseniki.

Sasa sio kila kisu cha kule ni keris. Keris bapa lake limepanuka upande mmoja pale karibu na mpini, na kama lina mawimbi yahesabu, huwa namba witiri, 3, 5, 7 na kuendelea. Mpini ukiwa mwembamba wa mbao fikiria Java, ukiwa na sanamu ya jitu au mungu fikiria Bali, ukiwa umejikunja kama kichwa cha ndege hao ni Wabugis wa Sulawesi.

Kipimo ninachokipenda mimi ni cha rula. Ilaze rula kukatiza bapa, upande mmoja inayumba kwa sababu chuma kimebinuka, geuza upande wa pili unaona mwanga unapita chini yake kwa sababu kimebonyea kidogo. Ukipata hivyo una mandau ya Wadayak wa Kalimantan, angalia kama mpini ni pembe ya kulungu yenye vishungi vya nywele na kama ala ina kimfuko cha kisu kidogo pembeni.

Vingine vinajitaja vyenyewe: mpini kama herufi L ni rencong ya Aceh, kaskazini mwa Sumatra, bapa lenye vitundu ni kujang ya Wasunda wa Java Magharibi, mkunjo kama ukucha ni karambit ya Waminangkabau wa Sumatra Magharibi.

Ila usikimbilie jibu, mipini na ala vilibadilishwa sana, bapa la Kibugis unaweza kulikuta ndani ya ala ya Java. Chomeka kisu taratibu, kikicheza sana au mdomo wa ala ukiwa na umbo tofauti na bapa ujue havikuzaliwa pamoja, hapo andika asili ya kila kipande peke yake.

Mwisho piga picha pande zote mbili na mgongo kwa juu, pima unene kwa milimita, kisha linganisha na picha za mtandaoni za Wereldmuseum ya Leiden, Uholanzi, wana vingi kwa sababu Waholanzi ndo walioitawala Indonesia, na ukitafuta tumia jina la kienyeji, sio neno kisu.