Namna ya kufikia uamuzi wa pamoja muda unapokuwa mfupi

Kundi lililobakiwa na saa moja kufanya uamuzi halikwamishwi na uchache wa dakika peke yake. Mara nyingi hukwama kwa sababu dakika arobaini za mwanzo zimekwisha kabla wajumbe hawajaelewana ni jambo gani hasa linaloamuliwa, nani ana neno la mwisho, na itakuwaje wasipoafikiana. Ndiyo maana nashauri kila mara kwamba dakika tano za kwanza zitumike kuweka utaratibu, hata kama wapo watakaonung'unika kuwa muda unapotea.

Anzeni kwa kuandika swali katika sentensi moja, mahali ambapo kila mjumbe analiona. "Tufanye nini kuhusu ripoti?" ni swali la kuzungumziwa mchana kutwa, ilhali "Je, sehemu ya takwimu ibaki au iondolewe kabla ripoti haijapelekwa saa sita?" ni swali linaloweza kujibiwa. Kisha kubalianeni mtaamua vipi: kwa wote kuafiki, kwa wingi wa kura, au kwa mwenyekiti kukata shauri baada ya kuwasikiliza wote. Wekeni pia njia ya akiba, kwa mfano kwamba ikifika saa tano na nusu hakuna mwafaka, kura itapigwa. Kanuni hii haina budi kupitishwa mapema, wakati hakuna ajuaye itamfaa nani. Ikipendekezwa katikati ya mvutano, kila upande utaipima kwa faida yake, nanyi mtajikuta na mgogoro wa pili juu ya ule wa kwanza. Ulizeni vilevile kama muda wa mwisho mliopewa ni wa kweli, kwa maana upo wakati ambapo simu moja kwa aliyeuweka hutosha kuongeza siku mbili.

Baada ya hapo, kila mjumbe aandike maoni yake kwa kifupi kabla mtu yeyote hajaanza kuongea. Dakika tatu zinatosha. Bila hatua hiyo, msemaji wa kwanza, au mwenye cheo kikubwa zaidi, huwavuta wengine wote upande wake, na walio na hoja tofauti huzimeza. Mwenyekiti naye aseme mwisho. Rais John F. Kennedy wa Marekani alijifunza jambo hili kwa gharama kubwa: uvamizi wa Ghuba ya Nguruwe, nchini Cuba, ulioshindwa mwezi Aprili 1961, ulipitishwa huku baadhi ya washauri wake wakiwa na mashaka ambayo hawakuyasema kwa nguvu. Katika mgogoro wa Oktoba 1962 kuhusu makombora ya Umoja wa Kisovieti nchini Cuba, uliodumu siku 13 na kuifikisha dunia ukingoni mwa vita vya nyuklia, kuna vikao ambavyo aliamua kutohudhuria ili washauri wazungumze bila kutazama uso wake. Mwanasaikolojia Irving Janis alizichambua kadhia hizo mbili katika kazi yake ya 1972 kuhusu jinsi kundi lililoshikamana mno linavyoacha kujikosoa. Ikiwa mkuu wa nchi aliweza kutoka chumbani wakati ule, mwenyekiti wa kamati naye anaweza kunyamaza kwa robo saa.

Sasa tufike kwenye kiini cha kazi yenyewe, yaani kuutenga msimamo wa mtu na haja iliyo nyuma yake. Mary Parker Follett, aliyeandika sana kuhusu uongozi katika miaka ya 1920, alieleza kuwa ugomvi humalizwa kwa njia tatu: upande mmoja kuushinda mwingine, pande zote mbili kupunguza madai, au haja za wote kuunganishwa katika suluhisho jipya. Mfano wake ni wa chumba kidogo cha maktaba, ambako mwenzake alitaka dirisha lifunguliwe na yeye akataka libaki limefungwa. Walifungua dirisha la chumba cha pili, ambacho hakikuwa na mtu. Mmoja alikuwa akihitaji hewa safi, na mwingine hakutaka upepo umpige moja kwa moja, kwa hiyo hakuna aliyepoteza kitu. Kama wangelifungua nusu dirisha lile lile, wote wawili wangeendelea kukereka.

Nimeshuhudia jambo hilo katika ile ripoti niliyoitaja. Mjumbe mmoja alishikilia kwamba kurasa nne za takwimu ziondolewe, mwingine akasema akiondolewa takwimu zake hatatia saini. Walirudia maneno hayo kwa nusu saa, sauti zikipanda. Katibu ndiye aliyemgeukia kila mmoja na kumwuliza, "Zikibaki, wewe unahofia nini? Na zikitoka, wewe unahofia nini?" Wa kwanza alihofia kuvuka kikomo cha kurasa kumi tulichopewa. Wa pili alihofia kuulizwa ushahidi wa hesabu zake akose pa kuuonyesha. Takwimu zikapelekwa kwenye kiambatisho, ambacho hakikuhesabiwa katika kikomo, na suala likafungwa kwa dakika sita. Lile swali la "unahofia nini" ndilo ninalolithamini kuliko mbinu nyingine yoyote, na huuliza mapema zaidi kadiri muda unavyozidi kuwa mfupi.

Hata hivyo, si kila mara haja zitaunganika, na hapo ndipo kulegeza msimamo kunapohitajika. Kila upande utaje jambo moja usiloweza kuliachia na jambo moja ulilo tayari kuliachia. Mkigundua kwamba kile kinachoachiwa na huyu ndicho kinachotakiwa sana na yule, badilishaneni bila kusita. Jihadharini tu na tabia ya kugawa kila kitu nusu kwa nusu kwa sababu inaonekana kuwa haki. Anayetaka maandalizi ya wiki mbili huenda ana mpango mdogo unaotosha muda huo, na anayetaka wiki nne ana mpango mkubwa. Wiki tatu zinaweza kuwa nyingi mno kwa wa kwanza na chache mno kwa wa pili.

Wakati mwingine kinachobaki kuzozaniwa ni neno moja tu. Katika mkutano wa Umoja wa Mataifa wa tabianchi uliofanyika Durban mwaka 2011, mazungumzo yalikuwa yamepita muda wake kwa zaidi ya siku nzima, na Umoja wa Ulaya na India walikuwa bado wanavutana kuhusu uzito wa kisheria wa makubaliano yajayo. Mwenyekiti aliwapa dakika chache wakutane papo hapo ukumbini, wajumbe wengine wakiwazunguka, nao wakatoka na maneno "matokeo yaliyokubaliwa yenye nguvu ya kisheria". Kwa hiyo mkikwama, wapeni wawili wanaopingana kalamu na dakika kumi, ninyi wengine mwendelee na ajenda inayofuata.

Kabla ya kufunga, msiulize tu "Tumekubaliana?", kwa kuwa watu waliochoka hujibu ndiyo ili waondoke. Mzungukieni kila mmoja kwa jina, aseme kama anaunga mkono, kama ana shaka lakini atautekeleza uamuzi, au kama anaupinga. Anayepinga aeleze madhara anayoyaona na marekebisho anayoyapendekeza. Yasipopita, pingamizi lake liandikwe katika kumbukumbu za kikao, pamoja na tarehe ya kuupitia upya uamuzi endapo unaweza kubadilishwa.

Kisha katibu ausome uamuzi kwa sauti, neno kwa neno, na nani atafanya nini na lini. Kamati moja niliyokuwamo iliruka hatua hii kwa sababu muda ulikuwa umekwisha, na kesho yake wajumbe wawili waliwatangazia watu tarehe mbili tofauti, kila mmoja akiwa na hakika kwamba ndiyo iliyopitishwa. Kuwarudisha watu wote wale na kuwasahihisha kulitugharimu siku tatu, ilhali kuusoma uamuzi kungechukua dakika moja.