Makaa ya vifuu yaliyopakwa kutu, ya kunasa risasi na arseniki kwenye maji

Tuelewane kwanza, hii kitu haitoi chumvi. Kisima chako cha Lamu kama kishaingiwa na bahari, hata ujaze pipa zima la makaa utakunywa chumvi vile vile. Hapa naongelea metali za sumu: risasi (ile metali, si ya bunduki), shaba, kadimiamu na arseniki, vitu ambavyo mara nyingi huvioni wala huvionji. Risasi inaweza kuingia kwa jabia (birika la maji ya mvua) na rangi ya zamani inayobambuka kwa paa, au kuna jirani anayeyusha betri za gari uani (wa Mombasa wanaijua ya Owino Uhuru, mtaa uliotiwa sumu ya risasi na kiwanda cha kuyeyusha betri).

Peleka maji maabara kabla hujagusa kitu. Kikomo cha WHO, Shirika la Afya Duniani, ni mikrogramu 10 kwa lita, kwa risasi na kwa arseniki pia, hakuna ulimi wa kuonja hiyo. Kipimo kikionesha risasi iko juu na nyumbani kuna mtoto au mja mzito, badilisheni maji leo leo, mambo ya chujio yafuate.

Halafu ujue ni metali gani, manake dawa si moja. Makaa ya kawaida uso wake una chaji hasi, risasi na shaba ni chanya kwa hivyo zinanaswa zenyewe, lakini arseniki ndani ya maji mara nyingi ni hasi, makaa yanaisukuma, hapo ndo unataka kutu iinase.

Kuchoma: vifuu vikavu vya nazi, mikoko iache. Pipa litoboe chini, jaza, washa KWA JUU moto ushuke wenyewe, moshi mzito ukiisha na juu kukianza jivu mwagia maji haraka, ukizubaa umepata jivu tupu. Ponda, chekecha upate chembe za milimita 1 hadi 2, vumbi litoe litakuzibia, osha.

Kupaka: nunua feri kloraidi (kemikali ya chuma) safi ya maabara, ile mafundi wa elektroniki washatumia kumeng'enya shaba ya bodi za saketi imejaa shaba usiiguse. Gramu 27 kwa lita ya maji, ndoo ya plastiki, sufuria itatobolewa. Vaa glavu na miwani. Tia gramu 100 za makaa, yakae masaa kadhaa, kisha ongeza magadi kidogo kidogo huku unakoroga, itatoka povu, mpaka karatasi ya pH (ya kupima ukali wa asidi) isome 7. Ile rangi ya kahawia ndo kutu yenyewe imeshika. Kausha, osha tena mpaka maji yatoke meupe.

Ndoo yenye bomba: changarawe chini, mchanga ulooshwa vizuri, makaa, mchanga tena juu. Fungua kidogo tu yadondoke, yakikimbia hayanasi kitu. Maji ya mwanzo mwaga, yanayofuata rudisha maabara, bila hicho kipimo cha pili huna chujio una ndoo ya makaa. Na urudie kupima, manake makaa hujaa na maji hayabadiliki rangi, tena kwa visima vya mawe ya matumbawe kalisiamu inagombania nafasi na risasi. Vijidudu je? Chemsha baada ya kuchuja, kuchemsha peke yake hakuondoi metali, maji yanapungua yenyewe inabaki.

Makaa yaliyochoka usiyatie shambani wala usichome, yafunge kwa chombo uulize hapo maabara yanapokelewa wapi kama taka za sumu.