Video moja, rangi mbili: kagua hivi kabla ya kugusa rangi

Usikimbilie kurekebisha rangi upya kwa sababu tu video uliyotoa imepauka kwenye QuickTime Player, kichezaji cha video cha Mac. Mimi huifungua kwanza kwenye VLC, kichezaji kingine cha video, kompyuta ile ile, skrini ile ile. Rangi zikitofautiana, picha haijaharibika. Programu mbili zinaisoma kwa namna mbili.

Tazama vivuli. Kwa namba za mwangaza, video nyingi huhifadhi nyeusi kwenye 16 na nyeupe kwenye 235, ilhali skrini ya kompyuta hutumia 0 hadi 255. Programu isipotanua namba hizo, nyeusi inabaki kijivu. Ikitanua faili ambayo tayari inatumia 0 hadi 255, vivuli vinazama, na nywele nyeusi zinageuka doa moja lisilo na uzi hata mmoja. Kwenye DaVinci Resolve, programu ya kuhariri video, nenda Data Levels uchague Video (16 hadi 235) badala ya Full (0 hadi 255).

Nyeusi ikiwa sawa lakini ngozi imepauka, shuku gama, yaani namna namba za video zinavyogeuzwa kuwa mwangaza kwenye skrini. QuickTime husoma lebo za rangi zilizomo ndani ya faili na kuzipitisha kwenye mfumo wa rangi wa Mac. Baadhi ya programu huzipuuza kabisa. Kagua kwa ffprobe, zana inayoonyesha taarifa zilizomo ndani ya faili ya video: kwa video ya kawaida ya HD, color_primaries, color_transfer na color_space zote zisomeke bt709, yaani kiwango cha rangi cha HD. Ukikuta unknown, kila programu inakisia yake. Tafadhali usitie giza ili QuickTime ipendeze, maana watazamaji wengine watapata picha nzito. Sahihisha lebo.

Unapolinganisha, zima hali ya usiku ya skrini.